UZI: Kashfa ya dhuluma za kingono ikifichuka, usiulize "ni wa mrengo gani?" Uliza "nani alijua?"

1/ Wakenya wenzangu, huu mchezo mmeshauona. Kisa kinafichuka: shule, kanisa, makao ya watoto, shamba la kampuni kubwa. Siku ya kwanza tunakasirika. Siku ya pili hashtegi inatrendi. Siku ya tatu waheshimiwa wanaingia, huyu akisema serikali imelala, yule akisema ni njama ya upinzani. Siku ya nne tunatukanana kikabila kwenye komenti. Wiki ikiisha, kimya. Hebu leo tuangalie ni wapi tunapotea.

2/ Kama kawaida ya nyuzi zangu, sitataja mwanasiasa wala chama. Na kwa mada hii sina hata haja, kwa sababu mirengo yote hufanya vilevile: kisa kikimgusa mpinzani wanataka haki leo leo, kikimgusa mtu wao wanasema "tusiharakishe." Ninachotaka ubaki nacho ni maswali matatu tu. Nani alijua? Alijua lini? Alifanya nini baada ya kujua?

3/ Kwanza nikiri kosa langu. Miaka michache iliyopita nilisambaza picha ya kisa kama hiki. Uso wa msichana ulikuwa umefichwa, nikaona niko sawa. Sikuangalia sweta. Sikuangalia kibao cha shule kilichokuwa nyuma yake. Kufikia jioni watu walikuwa wameshataja kijiji chao kwenye komenti. Usiku mtu wa karibu na ile familia akaniandikia inboksi: "Ndugu, mtoto amekataa kurudi shule. Watu wanamjua sasa." Nilifuta posti, lakini picha ilikuwa imeshasambaa kwenye makundi ya WhatsApp. Kwa hivyo ninayosema hapa najiambia mimi kwanza.

4/ Sasa, mbona tunatofautisha dhuluma ya taasisi na uhalifu mwingine? Kwa sababu hapa kuna wawili wa kuulizwa. Yule aliyetenda, na wale waliompa ofisi, funguo, cheo na heshima, kisha wakafumba macho. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inalijua hilo. Kifungu cha 24 kinahusu watu wenye mamlaka au waliokabidhiwa amana. Mwalimu au mfanyakazi wa shule akitumia cheo chake kumshawishi mwanafunzi, hata pale ambapo kosa si ubakaji wala unajisi, kifungo kilichoandikwa hapo si chini ya miaka 10.

5/ Lakini taasisi ina mbinu moja ya zamani sana: kuhamisha mtu. Mfano ulio wazi zaidi duniani ni wa Boston, Marekani. Tarehe 6 Januari 2002 gazeti la Boston Globe lilichapisha habari za padri mmoja aliyetuhumiwa na zaidi ya watu 130, katika muda wa karibu miaka 30, kwenye parokia tofauti. Unajua ni nini kilichotikisa dunia? Si kwamba padri mmoja alikuwa mkosaji. Ni kwamba wakubwa wake walijua, na walichofanya ni kumhamisha parokia moja hadi nyingine.

6/ Gazeti lilijuaje? Kwa karatasi. Nyaraka za kesi zilikuwa zimefungwa kwa amri ya mahakama. Gazeti likaenda kortini kuomba zifunguliwe, na mwishoni mwa 2001 jaji akakubali. Ndani yake kulikuwa na barua, tarehe na majina ya waliopokea malalamiko. Mwaka huo wa 2002 gazeti liliandika karibu habari 600 kuhusu suala hilo. Desemba mwaka huohuo, Kadinali Bernard Law, aliyekuwa askofu mkuu wa Boston, akajiuzulu. Waandishi hawakuchoka siku ya saba. Hapo ndipo tofauti yao na sisi ilipo.

7/ Rudi nyumbani. Shule zetu zimekuwa na "parokia" zao. Kizazi changu kinakumbuka mwalimu anayehamishwa ghafla katikati ya muhula. Wazazi wananong'ona, mkuu wa shule ananyamaza, na huko anakokwenda anapokelewa kwa chai na mandazi kama mwalimu mpya. Funika kombe mwanaharamu apite. Ila hapa anayepita ni yuleyule, na anapitia shule nyingine yenye watoto wengine.

8/ Mwaka 2010 maafisa wa TSC, yaani Tume ya Huduma za Walimu, walisema zaidi ya walimu 1,000 walikuwa wamefutwa kazi katika miaka miwili kwa kudhulumu wanafunzi. Mwaka huohuo TSC ikatoa Waraka nambari 3 kuhusu kuwalinda wanafunzi. Waraka huo unamtaka yeyote anayejua au kushuku dhuluma aripoti ndani ya saa 24, na anayeficha naye ana kesi ya kinidhamu ya kujibu. Kwa hivyo mwalimu mkuu akisema "nilikuwa nafanya uchunguzi wa ndani kwa miezi mitatu," huo si ustaarabu. Muulize zile saa 24 zilikwenda wapi.

9/ Halafu kuna hukumu ambayo kila mtu anayebishana mtandaoni anafaa kuijua. Mei 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kesi ya wasichana wawili wa shule ya msingi katika Kaunti ya Nakuru waliodhulumiwa na mwalimu. Mahakama haikuishia kwa mwalimu. TSC na Serikali pia ziliwajibishwa, na wasichana wakapewa fidia ya shilingi milioni 2 na milioni 3. Jaji alisema wazi kwamba TSC haiwezi kuwazungusha watu kama hao shule hadi shule, kisha ikaridhika na kuwafuta kazi tu. Lazima iwe na utaratibu wa kuhakikisha hawapati nafasi ya kuwafikia watoto kabisa.

10/ Ona maana yake kisiasa. Waziri au afisa akisimama kwenye runinga na kusema "huyo ni mtu mmoja mbaya, tumeshamfuta kazi," hajajibu swali. Kufuta kazi ni mwanzo. Je, alishtakiwa? Aliondolewa kwenye sajili ya walimu? Aliyepokea malalamiko ya kwanza akanyamaza yuko wapi leo? Mara nyingine utakuta alipandishwa cheo.

11/ Na polisi je? Miaka miwili kabla ya hukumu hiyo, Mei 2013, Mahakama Kuu ya Meru iliamua ile kesi maarufu kama "Wasichana 160." Wasichana walilalamika kwamba waliponajisiwa na kwenda kuripoti, polisi hawakuchunguza ipasavyo. Mahakama ilikubaliana nao: kukosa kuchunguza ni kukiuka haki zao za kikatiba, na polisi wakaamriwa wafanye uchunguzi wa haraka na wa kikamilifu. Kwa hivyo "hakuna ushahidi" si jibu la mwisho. Swali linalofuata ni: nani alikuwa na kazi ya kuutafuta, na aliutafuta?

12/ Tuje kwa vyombo vya habari. Vikifanya kazi yake, hufungua mlango ambao mwathiriwa peke yake hawezi kuufungua. Februari 2023 BBC ilitoa uchunguzi kuhusu mashamba ya chai ya Kericho, yaliyomilikiwa kwa miaka mingi na Unilever na James Finlay. Zaidi ya wanawake 70 waliambia BBC kuwa walidhulumiwa na wasimamizi wao wa kazi. Mwandishi alijifanya mtafuta kazi na kurekodi kwa siri. Ndani ya siku chache wasimamizi wakasimamishwa kazi na Bunge letu likaagiza uchunguzi.

13/ Lakini kuna kitu kwenye kisa hicho ambacho wengi tulikiruka. Zaidi ya miaka 10 kabla, malalamiko kama hayo yalikuwa yametolewa kuhusu Unilever, na kampuni ikatangaza kwamba haitavumilia kabisa, ikaweka na njia za kuripoti. Bango ukutani lilikuwepo. Sera ilikuwepo. Mama anayechuma chai bado alikuwa anaambiwa alale na msimamizi ndio apate kazi. Kwa hivyo taasisi ikikuonyesha sera nzuri, uliza: tangu sera hii iandikwe, wangapi wameripoti, na kila mmoja alijibiwa nini?

14/ Na msidhani wanahabari ni malaika. BBC hiyohiyo ina kovu lake. Jimmy Savile, mtangazaji wao mashuhuri, alifariki Oktoba 2011. Wiki chache baadaye kipindi chao cha Newsnight kilikuwa kinachunguza madai kwamba alidhulumu watoto, lakini habari ikawekwa kando. Ni kituo kingine, ITV, kilichoitoa Oktoba 2012. Hebu fikiria: shirika lenye kazi ya kuuliza wengine "mlijua lini?" likajikuta linaulizwa swali hilohilo.

15/ Haikuishia hapo. Mwezi mmoja tu baadaye, Newsnight ikatoa habari ya dhuluma katika makao ya watoto huko Wales, ikimhusisha mwanasiasa wa zamani bila kumtaja jina. Jina lilitajwa na nani? Na sisi watu wa mtandao, wa huko kwao. Kumbe hakuwa yeye. Mwathiriwa aliyehojiwa hakuwa mwongo, alikuwa amekosea mtu tu, na alipoona picha halisi akaomba radhi. BBC ililipa fidia ya pauni 185,000. Mkurugenzi mkuu wake akajiuzulu baada ya siku 54 kazini. Baadhi ya waliosambaza jina mtandaoni nao wakaandamwa kisheria.

16/ Kwa mwaka mmoja, taasisi moja ilifanya makosa yote mawili: kwanza kunyamazia habari, halafu kuharakisha nyingine bila kuhakiki. Na ona nani aliumia zaidi kila mara: mwathiriwa. Habari ikinyamazwa, hasikiki. Habari ikikosewa, kila mkosaji wa kweli anapata pa kujificha: "Si mliona, hata yule alisingiziwa."

17/ Sasa tujibu yale tunayosikia kila mdahalo.

"Ni njama ya kisiasa." Inawezekana kabisa mtu ana faida ya kisiasa kwa kisa kufichuka. Lakini faida hiyo haibadilishi tarehe iliyo kwenye barua ya malalamiko. Mwambie aonyeshe kilicho cha uongo kwenye habari, si nani anayeifurahia.

"Mbona hakusema mapema?" Mara nyingi alisema. Alimwambia matroni, mzee wa kanisa, msimamizi. Swali sahihi ni: alimwambia nani, na huyo alifanya nini?

18/ "Wacheni mahakama ifanye kazi yake." Hii ina ukweli nusu. Mshukiwa ana haki ya kuhesabiwa hana hatia hadi mahakama iamue, na tusimhukumu sisi. Lakini mahakama ya jinai inaamua kuhusu mshukiwa. Haikatazi bodi ya shule, wizara au kampuni kueleza ilipokea malalamiko lini. Kiongozi akijificha nyuma ya kesi asijibu kuhusu ofisi yake mwenyewe, huyo anakwepa.

"Familia zimeshaelewana." Mbuzi watatu na gunia la mahindi, chifu akiwa shahidi. Kule kaskazini wanaita maslaha. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Ngono hakiachi uamuzi wa kusitisha uchunguzi au mashtaka kwa wazee wala kwa OCS. Leo uamuzi huo ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

"Mnachafua jina la shule yetu, dini yetu, jamii yetu." Jina lilichafuliwa siku kosa lilipofichwa.

19/ Na maneno tunayotumia, jamani. Kichwa cha habari kikisema mwalimu "alifumaniwa akila uroda" na msichana wa miaka 14, hiyo si habari, ni kejeli. Mtoto wa chini ya miaka 18 hawezi kutoa ridhaa. Huo si uhusiano wala mapenzi. Jina lake ni unajisi. Ukiona chombo cha habari kinaandika hivyo, au kimemtambulisha mwathiriwa kwa jina, picha, sweta ama jina la mzazi, kuna pa kulalamika: Baraza la Vyombo vya Habari lina tume ya malalamiko. Itumie badala ya kupiga kelele hapa tu.

20/ Tuwe wakweli pia kuhusu hali ya wanahabari wetu. Taasisi kubwa mara nyingi ni watangazaji wakubwa wa biashara. Wakili wa mtu tajiri anaweza kutuma barua ya madai ya kuharibiwa jina kabla habari haijatoka. Mwandishi wa kaunti analipwa kwa kila habari, hawezi kukaa miezi sita na kisa kimoja. Kwa hivyo habari ya siku ya kwanza inatoka, ile ya siku ya 90 haitoki. Hii ndiyo sehemu yetu wafuasi wa siasa mtandaoni: tunaweza kuilazimisha ile ya siku ya 90 itoke, tukiendelea kuuliza.

21/ Kwa hivyo kisa kijacho kikifichuka (na kitafichuka), fanya hivi. Andika tarehe kwenye kalenda ya simu yako. Usisambaze picha wala jina la mwathiriwa, hata kama "kila mtu ameshaona." Usiongeze jina la mshukiwa ambaye hajatajwa rasmi. Mheshimiwa yeyote akizungumza, wa mrengo wako au wa wengine, muulize yale matatu: nani alijua, lini, alifanya nini. Baada ya siku 90 rudi uulize: kesi iko wapi? Ripoti ya kamati ya bunge iliwasilishwa? Aliyenyamaza bado ana ofisi?

22/ Na kama unasoma uzi huu na jambo hili liko nyumbani kwako au shuleni kwa mtoto wako leo, achana na siasa kwanza. Mpeleke hospitali haraka, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia HIV zinahitaji kuanza ndani ya muda huo. Asioge kwanza, na nguo zake msizifue. Ripoti polisi na mpate fomu ya P3. Simu ya watoto ni 116, ya dhuluma za kijinsia ni 1195, zote bila malipo. Andika kila jina la afisa uliyemwambia na tarehe. Karatasi hiyo inaweza kuwa ndiyo itakayojibu swali la "nani alijua."

23/ Namalizia na yule msichana wa sweta. Simjui jina na sitaki kulijua. Najua tu kwamba wakati sisi tulikuwa tunabishana mrengo gani ulaumiwe, yeye alikuwa nyumbani, hataki kuvaa sare. Hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwemo, aliyerudi kuuliza kama bodi ya shule ile iliwahi kujibu chochote. Mwaka huu nimeanza kuweka tarehe kwenye kalenda. Ukiweka yako, niambie kwenye komenti ni kisa gani unafuatilia. Usitaje mwathiriwa. Taja ofisi.